Rimu za bei nafuu zikisumbua: tafuta chanzo kabla ya kusema umeuziwa feki

Mteja anapoleta gari lililobadilishwa rimu wiki iliyopita, neno lake la kwanza huwa lile lile: "Fundi, nimeuziwa feki." Ninapandisha jeki, ninafungua, ninapima, na mara nyingi rimu haina kosa lolote. Ni mtumba mzuri wa Japani na bado una maisha marefu. Tatizo ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya gari jingine, na hakuna aliyepima chochote kabla hela haijatoka mfukoni. Rimu ya bei nafuu inayolikaa gari sawasawa ni salama kuliko ya bei mbaya iliyolazimishwa, na hili nalisema kwa sababu nimeshazishika zote mbili kwa mikono yangu, siku baada ya siku.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Kama bado hujanunua, soma vilevile, maana karibu kila dalili hapa chini ingezuilika kwa kipimo cha dakika tano mbele ya muuzaji.

Namba nne ambazo kila kitu kinarudi kwake

Ya kwanza ni PCD, yaani idadi ya matundu ya nati pamoja na kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu hayo. IST ya zamani, Vitz na Demio ni 4x100. Premio, Allion na Wish ni 5x100. Mark X, Noah, Harrier na Nissan X-Trail ni 5x114.3. Prado ni 6x139.7. Rimu ya matundu manne huipimi kwa shida: weka rula kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalotazamana nalo. Ya matundu matano haina matundu yanayotazamana, kwa hiyo pima tundu na jirani yake, katikati kwa katikati. Ukipata milimita 58.8 hiyo ni 5x100, 65.8 ni 5x112, na 67.2 ni 5x114.3.

Zitazame hizo mbili za mwisho. Zimeachana kwa milimita 1.4 tu, na hapo ndipo rimu za Mercedes, ambazo nyingi ni 5x112, hulazimishwa kwenye Toyota za 5x114.3. Nati tatu zinaingia vizuri, ya nne inabana, ya tano inaingia kwa nguvu ya bomba lililochomekwa kwenye spana. Stadi, yaani zile skrubu za gari ambazo nati hufungwa juu yake, zimevutwa pembeni na zinabaki zimevutwa hivyo kila tairi linapozunguka. Stadi inayoishi hivyo siku moja hukatika. Nakuomba sana, usikubali.

Namba ya pili ni kipenyo cha tobo la katikati, mahali rimu inapokaa juu ya habu, yaani kile kitovu cha gari kinachozunguka na tairi. Premio na IST ni milimita 54.1, Mark X na Noah ni 60.1, X-Trail ni 66.1. Rimu nyingi zisizo za kiwanda cha gari zina tobo kubwa, 73.1 kwa mfano, ili ziuzike kwa magari mengi. Namba ya tatu ni ofseti, ile iliyoandikwa ET ikifuatiwa na tarakimu, yaani milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu, na tutaifikia kwenye tairi linalosugua. Ya nne ni uzi wa stadi: Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi ndogo hutumia M12x1.5, wakati Nissan, Subaru na Suzuki hutumia M12x1.25. Nati za huku zikifungwa kule zinashika mizunguko miwili mitatu, kisha zinakula uzi.

Dalili: usukani unatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa

Hii ndiyo inayoleta watu wengi, na ndiyo inayopoteza hela nyingi, kwa sababu kila anayeulizwa husema "balansi", yaani uzito wa tairi haujasawazishwa.

Kijana mmoja aliniletea Premio akiwa amechoka kabisa. "Kaka, hili gari limebalansiwa mara tatu, sehemu tatu tofauti. Mashine inaonyesha sifuri, nikifika Kibaha linatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi." Rimu zilikuwa nzuri, za kiwandani za Subaru, 5x100 sawa na za Premio. Nilifungua tairi la kushoto mbele, nikalirudisha mkono mtupu bila nati, nikapitisha ukucha kati ya habu na tobo la rimu. Kulikuwa na nafasi. Tobo la Subaru ni 56.1, habu ya Premio ni 54.1: milimita moja kila upande. Kwenye mashine ya balansi rimu hushikwa kwa koni inayoingia kwenye tobo la katikati, kwa hiyo inakaa dede na mashine inasema sifuri kwa haki kabisa. Kwenye gari ile rimu haikukaa juu ya habu, ilining'inia kwenye nati. Waliofunga waliiteremsha gari chini kabla ya kukaza, uzito ukaivuta rimu, ikakazwa ikiwa imehama.

Dawa yake ilikuwa pete nne za kuziba ile nafasi, 56.1 kwa nje na 54.1 kwa ndani. Kitu cha bei ndogo kuliko balansi moja kati ya zile tatu. Ukikosa pete kwa siku hiyo, funga nati zote kwa mkono tairi likiwa hewani, kaza nusu kwa mpangilio wa nyota, ndipo uteremshe na kumalizia. Inasaidia, lakini pete itafute.

Kama nafasi hiyo haipo, endelea hivi. Hamisha matairi ya mbele yaende nyuma. Mtetemo ukitoka kwenye usukani ukahamia kwenye kiti, kosa lipo kwenye tairi au rimu uliyoihamisha. Ukibaki kwenye usukani, acha kuzilaumu rimu, angalia ball joint, tairod na beringi. Na kama usukani hutetemeka pale tu unapokanyaga breki, hiyo ni diski, wala usiguse rimu.

Mtetemo uliohama na tairi una sababu tatu za kawaida. Matope yaliyoganda upande wa ndani ya rimu, hasa ukitoka shamba, hayo ni maji na brashi tu. Vizito vya balansi vilivyodondoka, utaona alama safi ya gundi palipokuwa na kizito. Au rimu imepinda. Kupima rimu iliyopinda huhitaji mashine: pandisha jeki, kaza bisibisi juu ya kitu kisichoyumba, isogeze ncha yake hadi karibu na ukingo wa rimu, kisha zungusha tairi polepole kwa mkono. Tazama nafasi kati ya ncha na rimu. Ikifunguka na kujifunga kwa zaidi ya milimita moja, usukani utakuwa unalisikia. Pima ukingo wa ndani pia, siyo wa nje peke yake. Mashimo hupinda zaidi upande wa ndani, ambao mnunuzi hauangalii kwa sababu haupendezi.

Dalili: upepo unapungua na msumari haupo

Umejaza Jumatatu, Alhamisi tairi limelegea. Pancha haionekani. Changanya maji na sabuni ya unga, chukua brashi, pakaa kwa utaratibu huu: vali kwanza, kisha pale tairi linapokutana na rimu pande zote mbili, kisha uso mzima wa rimu kwa ndani. Subiri. Uvujaji mdogo haufanyi povu kubwa, unafanya kifungu cha povu jeupe laini kama la maziwa yanayoanza kuchemka, na kinaweza kuchukua dakika nzima kujitokeza.

Povu likitoka kwenye vali, badilisha vali. Kwa kweli, kila unapofunga rimu za mtumba weka vali mpya bila kufikiria mara mbili.

Likitoka kwenye mdomo wa tairi, chanzo mara nyingi ni kutu nyeupe ya aluminiamu. Kwetu pwani, kuanzia Tanga mpaka Mtwara na visiwani, chumvi ya baharini inaingia pale rangi ilipochunika na kutengeneza unga mweupe mgumu chini ya mdomo wa tairi. Tairi halikai tena juu ya uso laini, linakaa juu ya vipele. Fundi atoe tairi, asugue kwa brashi ya waya laini na msasa mwembamba hadi uso ulainike, apake gundi ya kuzibia, arudishe. Rimu zilizopakwa kromu zina ugonjwa wao hapa: kromu ikianza kubanduka kama gamba, itaendelea kubanduka, na kila miezi michache utarudi kusugua. Mtumba wa kromu iliyoanza kuvimba mimi sikushauri uununue hata kwa bei ya kutupa.

Povu likitoka kwenye mwili wa rimu penyewe, simama. Huo ni ufa, au vitundu vidogo vilivyobaki chuma kilipomiminwa vibaya kiwandani. Mara nyingi ufa uko ukingo wa ndani, nyuma ya mikono ya rimu, au kati ya tundu la nati na tobo la katikati. Utaambiwa kuna mtu anachomelea kwa gesi ya agoni na kazi yake ni safi. Huenda ni safi kwa macho. Lakini rimu nyingi za aloi (mchanganyiko wa aluminiamu) zilipata ugumu wake kwa kupikwa kwa joto maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea unaulainisha ule ugumu pembeni ya mshono. Ndiyo maana ufa uliochomelewa hurudi, na hurudi sentimita chache kando ya ule wa kwanza. Ufa kwenye mkono wa rimu au karibu na nati hauchomelewi. Rimu hiyo inaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo, na ni heri uivunje kidogo kabla ya kuiuza isije ikapakwa rangi ikarudi barabarani chini ya gari la mtu mwenye watoto.

Nasema hivyo kwa sababu rangi mpya huficha. Rimu ya mtumba iliyopakwa rangi mbichi nyeusi ya kung'aa ndani na nje inanitia shaka kuliko yenye mikwaruzo. Mikwaruzo naiona. Chini ya rangi kunaweza kuwa na bodifila (ile lipu ya kuzibia mabonde) na mshono.

Dalili: nati zinalegea

Ukiisikia "tok, tok" ya chini chini unapokata kona au unapoanza kuondoka, paki pembeni hapo hapo. Hii haisubiri kufika nyumbani.

Chanzo kikubwa ni umbo la makalio ya nati, yaani sehemu yake inayokaa kwenye rimu. Rimu za aloi za kiwandani za Toyota nyingi hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu nyingi zisizo za kiwanda zina tundu lenye umbo la koni la nyuzi 60 na zinataka nati ya koni. Za Honda za kiwandani zina tundu la duara kama la kukalia gololi. Ukiweka nati ya washa bapa kwenye tundu la koni, inagusa ukingo mwembamba tu. Leo inahisi imekaza, baada ya siku mbili ule ukingo umesagika, na nati imelegea bila kuzunguka hata kidogo. Ichukue nati, itazame makalio yake, tazama na tundu la rimu. Vinapaswa kufanana kama kifuniko na chupa yake.

Hesabu pia mizunguko. Rimu za aloi ni nene kuliko za chuma, kwa hiyo stadi inayotokeza inakuwa fupi. Nati ya M12x1.5 inatakiwa kushika angalau mizunguko minane kamili, ya M12x1.25 mizunguko kumi. Ikigota kwenye mzunguko wa nne au wa tano, stadi ni fupi kwa rimu hiyo, na kuweka spesa (bamba la kusogeza rimu nje) juu yake ni kuongeza hatari.

Rangi ni chanzo kingine ambacho watu hawakiwazii. Rimu iliyopulizwa rangi nzito mpaka nyuma, inapokaa kwenye habu, na ndani ya matundu ya nati, inafungwa juu ya rangi. Rangi hiyo inasagika kwa joto na mzigo, nafasi inabaki. Iparue mpaka uone chuma kitupu.

Kisha kukaza kwenyewe. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo cha kiwanda ni 103 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa Nissan 108. Bunduki ya upepo inayopigwa mpaka ilie haina kipimo: inavuta stadi na kuziumiza. Mwombe fundi amalizie kwa spana ya kipimo, na baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza. Rimu za aloi zikiwa mpya kwenye gari hukaa upya baada ya kupata joto, hii ni kawaida yao.

Dalili: tairi linasugua

Sikiliza linasugua lini. Ukikata kona mpaka mwisho, tairi linagusa plastiki ya ndani au mkono wa chini wa suspensheni. Ukiwa umepakia watu watano na kupita tuta, linagusa ukingo wa madigadi. Vyote vinatoka kwenye upana na ofseti, na hesabu yake ni ndogo kuliko watu wanavyoiogopa.

Tuseme gari lako lilikuwa na rimu ya 15x6 ET45 (kipenyo inchi 15, upana inchi 6), na unapenda ya 17x7.5 ET35. Inchi sita ni milimita 152.4, nusu yake 76.2. Toa 45: rimu ya zamani ilitokeza nje milimita 31.2 kutoka kwenye uso wa habu. Jumlisha 45: iliingia ndani 121.2. Sasa hiyo mpya: inchi saba na nusu ni 190.5, nusu yake 95.25. Nje inatokeza 60.25, ndani inaingia 130.25. Kwa hiyo itachomoza nje milimita 29 zaidi na kuingia ndani milimita 9 zaidi. Chukua rula, nenda kwenye gari lako, tazama kama hizo milimita 29 zipo kati ya tairi na madigadi. Kwenye salooni za kawaida hazipo. Mafundi watakwambia wakunje ukingo wa madigadi kwa ndani. Rangi itapasuka, kutu itaanzia hapo, na beringi za habu zitabeba mzigo uliosogezwa mbali nazo. Rimu ile ile ikiwa ET45 ingechomoza milimita 19 tu. Bora kuendelea kutafuta.

Kabla ya kulipa, jaribisha rimu tupu kwenye tairi la mbele na uizungushe. Ikigusa kalipa ya breki (kile kifaa kinachobana diski), mazungumzo yameisha, hata kama PCD na ofseti ni sahihi.

Dalili: gari limekuwa gumu, na rimu zinapinda kila mwezi

Hapa rimu hazina kosa, kosa ni inchi. Tairi la 195/65R15 (upana milimita 195, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15) lina ukuta wa milimita 127 kati ya rimu na lami. Ukihamia 205/55R16 ukuta unakuwa 113. Ukihamia 215/45R17 unabaki 97. Kipenyo chote cha tairi hakibadiliki sana, kutoka 634 kwenda 632 kwenda 625, kwa hiyo spidi mita haitadanganya kwa kiasi cha kutisha. Lakini sentimita tatu za mpira uliokuwa unapokea shimo kwa niaba ya rimu umeziondoa. Kwa barabara za mitaani kwetu, zenye matuta yasiyo na alama na mashimo yanayojificha chini ya maji ya mvua, mtu wa salooni ya kawaida anayeniuliza namwambia abaki kwenye inchi 15, akipenda sana 16. Rimu ya aloi ya bei nafuu ya inchi 17 mara nyingi ni nzito kuliko ile ya chuma aliyoitoa, na uzito huo utausikia kwenye shokapu na kwenye mafuta.

Ukiwa bado sokoni

Igeuze rimu nyuma. Tafuta alama za JWL na VIA zilizotokezwa kwenye chuma chenyewe: ya kwanza ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi, ya pili ni ya taasisi ya ukaguzi ya huko. Tafuta pia mzigo wa juu, mfano 690 KG. Zidisha kwa mbili na uhakikishe unazidi uzito wa ekseli nzito ya gari lako likiwa limejaa. Rimu isiyo na maandishi yoyote nyuma, hata iwe inang'aa namna gani, iache.

Ing'inize kwa kidole kwenye tobo la katikati, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Nzima hulia kama kengele na sauti huendelea kidogo. Yenye ufa hujibu kwa sauti fupi ya kopo. Siyo kipimo cha kumaliza maneno, lakini kimeshaniokoa. Kisha mwombe muuzaji aziweke zote nne kwenye mashine ya balansi bila matairi, uzione zikizunguka. Muuzaji mwaminifu hakatai, na gharama yake ni ndogo. Katika bajeti yako acha fungu la nati sahihi, pete, vali na balansi. Ukimaliza hela yote kwenye rimu, hivyo vitu vinne ndivyo vitakavyorukwa, na ndivyo vinavyoleta karibu kila ugonjwa nilioutaja.

Nati zako za zamani usimwachie fundi. Zifunge kwenye mfuko, zitupie kwenye buti pamoja na tairi la spea, maana spea bado ni rimu ya chuma ya kiwandani, na usiku wa pancha njiani nati za rimu mpya zinaweza zisiikubali.